Golf GTI Bei Chee? Pigia Hesabu Siku ya Kuiuza

Buda, uko Rodi Kopany, umeona Golf GTI iliyotumika na bei imekubamba. Kabla utume doo, cheki Probox zinazobeba watu hapo stejini. Hiyo ndiyo ndai inashikilia bei: spea ni rahisi kupata na kila fundi anaijua.

GTI ni raha, lakini ukiiuza, mnunuzi anaogopa giaboksi. Ile DSG ya gia 6 inataka oili yake ibadilishwe kila kilomita 60,000. Mwenyewe akiruka hiyo, bili inakungoja wewe.

Na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, so GTI mzee ya bei ya chini ishapitia mikono ya wasee hapa hapa. Itisha risiti za sevisi. Iwashe asubuhi injini ikiwa baridi, usikie vile inaunguruma. Kisha tafuta namba yake kwa NTSA kupitia eCitizen, ujue mwenyewe ni nani na kama benki bado iko kwa logbuku.

Ukinunua, weka risiti zako pia. Siku ya kuuza, hizo ndizo zitakutetea bei. Msee hana hata moja? Achana na hiyo ndai.