CHUMBA KWANZA, MITAMBO BAADAYE

Ni jambo la kutia moyo kuona vijana wetu wa Unguja na Pemba wakinasa nyimbo majumbani mwao. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani. Leo yatosha kompyuta, maikrofoni moja na chumba cha uani.

Hata hivyo, tumesikiliza kazi nyingi za namna hiyo, na hatuna budi kusema wazi kwamba baadhi yake zinavuma kana kwamba mwimbaji yumo kisimani. Kijana huilaumu maikrofoni, akaenda kuomba fedha za kununua nyingine. Kosa haliko huko.

Chumba cha nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe ni chembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake za chokaa huirudisha sauti karibu yote. Tuchukue upana wa mita 3. Sauti hukata mita 340 hivi kwa sekunde. Basi kwenda na kurudi baina ya kuta mbili huzaa mvumo wa mitetemo 57 hivi kwa sekunde, ambao ni jirani wa uzi mmoja mnene wa besi. Maikrofoni ikiwa ukutani, noti hiyo itanguruma. Ikiwa katikati, itapotea. Isogezwe hatua moja tu, mambo yatabadilika.

Spika nazo zisibanwe pembeni. Zielekee urefu wa chumba, zikae masafa sawa na kuta za kulia na kushoto, na pamoja na kichwa cha msikilizaji zifanye pembetatu ya pande sawa. Kompyuta yenye feni iwekwe nyuma ya maikrofoni, upande usiosikia sana. Nyuma ya mwimbaji lisimamishwe godoro la sufi, liachane kidogo na ukuta. (Trei za mayai, tunazoziona zimebandikwa kila mahali, hazizuii mvumo mnene hata kidogo.)

Wazee wanaoijua kanuni na udi wa zamani wanapungua. Mwangwi ukishaingia katika kazi yao, kuutoa ni taabu kubwa, na huenda mpigaji asipatikane tena. Kwa hiyo tunawaomba maofisa wanaopokea maombi ya mitambo wende kwanza wakakitazame chumba, wapige kofi moja katikati yake, wasikilize.