Fizi Zitokazo Damu: Adui Asiyepiga Kelele

Askari huisafisha bunduki yake hata siku ambayo hakufyatua risasi, kwani ajua kwamba kutu haingoji vita. Meno nayo yataka nidhamu iyo hiyo. Ukoga, yaani utando wa vijidudu unaoshika penye mpaka wa jino na ufizi, hujijenga upya kila siku. Usipoondolewa, fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoka damu.

Wako wanaoiona damu hiyo wakaacha kupiga mswaki mahali pale. Huko ni kumwachia adui ngome. Mwaka 1965, nchini Denmark, mtaalamu Harald Löe na wenzake walitangaza jaribio lao: watu 12 waliacha kusafisha meno, na baada ya siku 10 hadi 21 wote walivimba fizi. Waliporudia usafi, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Jeshini twaujua ugonjwa wa fizi tangu zamani. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari wengi waliokaa mahandakini huko Ulaya walipatwa na vidonda vya fizi vyenye maumivu na harufu mbaya, hata ugonjwa ukaitwa mdomo wa handaki. Uchafu wa kinywa, uchovu, hofu, lishe duni na tumbaku ndivyo vilivyoufungulia njia.

Uvimbe ukipuuzwa waweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoshika jino, mara nyingi bila maumivu. Fizi huachana na jino, usaha hutoka, jino hulegea. Mvuta sigara yumo hatarini zaidi, kwani tumbaku hupunguza damu ya fizi na kuificha dalili. Mwenye kisukari naye sharti awe macho.

Basi tufanye nini? Tupige mswaki mara mbili kwa siku, taratibu, hadi penye mpaka wa ufizi, tukisafisha pia katikati ya meno. Aliye lindoni mbali na duka atumie mswaki wa mti, mradi autumie kwa uangalifu. Maji ya chumvi hutuliza tu, hayaondoi ukoga. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe hauondoki kwa mswaki. Kuukwangua ni kazi ya mganga wa meno.

Damu isipokoma baada ya wiki mbili za usafi, au jino likianza kucheza, tujiandikishe kwa mganga mara moja. Tusingoje maumivu, kwani huenda yakaja wakati jino haliokoleki tena.