Kimya Kinachosimulia: Sauti, Kamera na Usimulizi katika Filamu Fupi ya Pumzi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuuliza maswali mawili anapokabiliwa na kazi ya sanaa: kazi hii inasema nini, na inalisemaje jambo hilo? Swali la kwanza ni la maudhui. La pili ni la fani. Panapohusika riwaya, tamthilia au shairi, swali la pili halimtatizi sana kwa kuwa msamiati wa kulijibia upo tele: taswira, jazanda, kinaya, taharuki, mbinu rejeshi na kadhalika. Panapohusika filamu, hata hivyo, wahakiki wengi huishia kwenye swali la kwanza. Husimulia kisa, hutaja dhamira, kisha huweka kalamu chini, kana kwamba filamu ni tamthilia iliyobahatika kupigwa picha.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha upungufu wa mtazamo huo kwa kuichunguza Pumzi, filamu fupi ya mwelekezi Mkenya Wanuri Kahiu. Filamu hii ilitoka mwaka wa 2009, huchukua takriban dakika 21, na ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance nchini Marekani mwaka wa 2010. Imeteuliwa kwa sababu moja kuu: wahusika wake hawasemezani kwa vinywa. Mhakiki aliyezoea kuitafuta dhamira katika mazungumzo ya wahusika hapa hana pa kushika. Analazimika kuisikiliza sauti, kulifuata jicho la kamera na kuutafakari mpangilio wa matukio. Hoja ya makala haya ni kwamba mambo hayo matatu ndiyo msimulizi wa Pumzi, na kwamba asiyeyazingatia hawezi kuipata dhamira yake kikamilifu.

Kisa kwa Ufupi

Kisa kimewekwa Afrika Mashariki ya siku zijazo, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo filamu inaviita vita vya maji. Binadamu waliosalia wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, katika jumuiya iitwayo Maitu. Nje, kwa mujibu wa watawala, hakuna kilicho hai. Maji ni ya kugawiwa kwa kipimo. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Umeme huzalishwa na watu wenyewe kwa kuzungusha mitambo kwa nguvu za miili yao. Ndoto nazo zimedhibitiwa: anayeota hutakiwa kumeza dawa ya kuzikomesha.

Asha, mhusika mkuu, ni mtunzaji wa makavazi ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapokea kisanduku kisichoonyesha kimetoka kwa nani. Ndani yake mna udongo, na uchunguzi unabainisha kwamba udongo huo una unyevu na hauna sumu ya mionzi. Asha anapanda ndani yake mbegu iliyokuwa imehifadhiwa makavazini, nayo inachipuka. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, Baraza linamnyima, makavazi yanavunjwa, naye anapelekwa kwenye mitambo ya umeme. Kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi anatoroka, anavuka jangwa, na hatimaye anaupanda mche wake akiukinga jua kwa mwili wake mwenyewe.

Sauti na Kimya

Sauti katika filamu huweza kugawanywa katika makundi matatu: maneno, muziki, na sauti za mazingira kama vile nyayo, upepo au mlango unaofungwa. Aidha, kuna sauti zinazosikika na wahusika wenyewe, na zile zinazosikika na hadhira pekee. Muziki wa usuli, ambao katika Pumzi ulitungwa na Siddhartha Barnhoorn, ni wa kundi hili la pili. Mgawanyo huu ni sahili, lakini unaweka wazi jambo ambalo kisa peke yake hakilionyeshi.

Katika jumuiya ya Maitu maneno ni mali ya mtambo. Asha anapowasiliana na Baraza, midomo haisogei. Tarakilishi ndiyo inayotamka. Tarakilishi hiyohiyo ndiyo inayomzindua usingizini mwanzoni mwa filamu kumwarifu kwamba ndoto imegunduliwa na kwamba ameze dawa yake. Hadhira haielezwi popote kwamba utawala huu umewanyang'anya watu sauti zao. Hakuna hotuba ya dikteta wala malalamiko ya raia. Kimya cha vinywa ndicho kinacholieleza jambo hilo, na kinalieleza kwa uzito kuliko hotuba yoyote, kwa sababu hadhira inakaa ndani ya kimya hicho kwa dakika zote hizo.

Sauti ya mtambo haina hasira. Hukataza kwa utulivu uleule inaoutumia kutoa taarifa. Hapa pana kinaya. Mwandishi wa riwaya angelazimika kukieleza kwa vivumishi: "alisema kwa sauti kavu isiyo na hisia." Filamu haihitaji kivumishi; kiimbo chenyewe kinatosha.

Tukio la kuunusa udongo nalo linastahili kuangaliwa kwa makini. Asha anausogeza udongo puani, anavuta pumzi, na papo hapo anazama katika njozi: yumo majini, na mbele yake pana mti. Filamu haina uwezo wa kuifikishia hadhira harufu. Inachokifanya ni kuitafsiri harufu kuwa picha na sauti, mbinu inayokaribiana na ile ambayo washairi huitumia wanapoielezea hisi moja kwa msamiati wa hisi nyingine. Muhimu zaidi ni kwamba njia ya njozi hiyo ni pua, na pua ni njia ya pumzi. Mtambo unaweza kusema kwa niaba ya mtu, lakini hauwezi kupumua kwa niaba yake. Hivyo jina la filamu linaanza kujieleza pasi na neno hata moja kutamkwa.

Jicho la Kamera

Kamera ni sawa na nafsi ya usimulizi katika riwaya. Huamua hadhira ione nini, kutoka umbali gani, na ijue kiasi gani kuliko mhusika. Picha ya karibu humleta mtu au kitu machoni mwetu hata tukakiona kama mwenyewe anavyokiona. Picha ya mbali humweka mtu ndani ya mandhari na kumpima kwayo.

Ndani ya jengo, kamera ya Pumzi hukaa karibu. Tunaiona chupa ya maji, tunaiona mbegu ndani ya kichupa chake, tunauona uso wa Asha. Rangi zimepooza na kuta ziko karibu. Ukaribu huu unatimiza majukumu mawili. Kwanza, unatupa hisia ya kubanwa. Pili, unatufundisha thamani ya tone moja la maji. Kwa hivyo, Asha anapomgawia mfanyakazi wa usafi maji yake machache, hadhira haihitaji kuambiwa kwamba tendo hilo ni kubwa. Kamera imekwisha kuiandaa.

Asha anapotoka nje, mpangilio unageuka. Jangwa, ambalo lilipigwa picha nchini Afrika Kusini, linajaza kiwambo, na Asha anakuwa kidoa kinachosonga polepole. Ukubwa huo una utata wa makusudi. Kwa upande mmoja ni uhuru, kwani kuta hazipo tena. Kwa upande mwingine ni hatari, kwani ukubwa wa mchanga unaufanya mche alioubeba uonekane mdogo kupita kiasi. Taharuki ya sehemu hii haitokani na adui anayemfukuza. Inatokana na hesabu ambayo kila mtazamaji anaifanya kimoyomoyo: maji yaliyosalia, na umbali uliobaki.

Picha ya mwisho ndiyo kilele cha kazi ya kamera. Asha ameupanda mche, ameunywesha maji yake ya mwisho, amejilaza kuukinga jua. Kamera inapaa. Asha anapungua machoni petu, na pale alipolala mti unachipuka na kutanda. Kamera inazidi kupaa, na msitu wa kijani unajitokeza.

Je, msitu huo ni wa siku zijazo, uliozaliwa na mche wa Asha? Au ulikuwapo tangu awali, ng'ambo ya upeo wa macho yake? Ikiwa jibu ni la kwanza, filamu ni ya matumaini: kifo kimezaa uhai. Ikiwa ni la pili, basi Baraza lilidanganya, na Asha amekufa hatua chache kutoka kwenye kivuli alichokuwa akikitafuta. Filamu haiamui, na huenda huo ndio uadilifu wake. Lililo wazi ni kwamba sisi tunaona asichokiona Asha. Katika tamthilia, kinaya cha namna hii hujengwa kwa maneno ambayo mhusika mmoja anayasikia na mwingine hayasikii. Hapa kimejengwa kwa kuinua kamera tu.

Usimulizi na Mizizi ya Ngano

Pumzi huainishwa kama hadithi ya kubuni ya kisayansi, na baadhi ya watazamaji huweza kuiona kama tawi lililopandikizwa kutoka ughaibuni. Muundo wake, hata hivyo, ni wa ngano. Yupo shujaa anayepewa kitu cha ajabu, lipo katazo linalovunjwa, yupo msaidizi mnyonge anayelipa fadhila, ipo safari, na lipo jaribio la mwisho. Hali kadhalika, ipo motifu ya msichana anayetolewa ili ardhi ipate uhai. Wagikuyu wana ngano ya Wanjiru, msichana aliyetolewa kafara ili mvua inyeshe. Grace Ogot aliishughulikia motifu hiyohiyo kwa mazingira ya Waluo katika hadithi yake fupi "The Rain Came".

Ulinganisho huu unaonyesha ni wapi Kahiu amegeuza mapokeo. Wanjiru hutolewa na jamaa zake, na Oganda wa Ogot hutolewa kwa uamuzi wa wakubwa wake. Asha hatolewi na yeyote. Wakubwa wake wanamzuia. Anajitoa kwa hiari, dhidi ya jumuiya lakini kwa manufaa yake. Si ajabu kwamba mwelekezi huyuhuyu alitengeneza pia filamu ya kumbukumbu kuhusu Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement (1977) na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani (2004), ambaye naye alipambana na wakubwa kwa ajili ya miti.

Suala la Lugha

Sauti ya mtambo katika filamu hii inazungumza Kiingereza. Kiingereza ndicho kinachokataza, kinachopima na kinachonyima ruhusa. Lugha za Kiafrika zimebaki katika majina tu. Maitu ni neno la Kigikuyu lenye maana ya mama, na maandishi ndani ya filamu yanalichanganua zaidi kuwa "ukweli wetu". Asha ni jina la Waswahili lenye asili ya Kiarabu, likihusishwa na kuishi. Pumzi ni Kiswahili.

Yamkini mtu atalalamika kwamba huko ni kuzitweza lugha zetu. Lalamiko hilo lina haki yake, lakini mgawanyo wenyewe una maana. Kila kinachotawala kimepewa Kiingereza. Kila kilicho hai, yaani mbegu, mwanamke na pumzi yenyewe, kimepewa jina la Kiafrika. Isitoshe, ni anayejua Kiswahili pekee atakayetambua kwamba pumzi na kupumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Kwake, kujilaza kwa Asha kando ya mche kunayabeba yote mawili kwa pamoja: anapumzika, na anatoa pumzi yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika Pumzi kimya kimesimulia ukandamizaji, kamera imejenga kinaya, na mpangilio wa matukio umeirithi na kuigeuza ngano ya kafara. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingeonekana iwapo uhakiki ungeishia kwenye muhtasari wa kisa. Msamiati wa fasihi ya Kiswahili unatosha kuihakiki filamu, mradi masikio na macho yatumike kwa kiwango kilekile ambacho kalamu imezoea kutumika. Mwanafunzi atakayeitazama filamu hii na aitazame mara mbili: mara ya kwanza kama kawaida, na mara ya pili akiwa amefumba macho, asikilize ni nani hasa anayesema.