Temeraire, joka anayeuliza mshahara wake

Vita vya Napoleon ulivisoma kwenye masomo. Naomi Novik, mwandishi wa Marekani, alivichukua akatia ndani majoka wenye kuruka na kusema kama watu. Mfululizo unaitwa Temeraire, vitabu 9, toka 2006 mpaka 2016. Kapteni Laurence wa jeshi la maji la Uingereza anakamata meli ya Wafaransa, anakuta yai. Temeraire njo anatoka mule, na baadaye anauliza: mbona majoka wanapigana bila mshahara?

Mimi kilichonikamata ni kitabu cha 4. Majoka wa Uingereza wanagonjwa, Laurence na Temeraire wanakuja kutafuta dawa, uyoga fulani, upande wa Cape Town. Huku Watswana nao wako na majoka, lakini kwao joka ni babu aliyezaliwa upya. Na babu akisikia wajukuu wanauzwa utumwa, anakaa kimya? Wanaenda kuvunja bandari za watumwa, moja baada ya nyingine.

Halafu Uingereza, ikiisha kupata dawa, inapeleka ugonjwa kwa majoka wa Ufaransa kusudi wafe. Laurence na Temeraire wanawapelekea adui dawa. Ni uhaini, na adhabu yake ni kunyongwa. Pale nililala saa nane ya usiku.