Fuko Shambani: Mwenye Ardhi Ana Ruhusa Gani?

Katika nchi ya Kisii na Nyamira ni wakulima wachache wasiomjua fuko, nao humjua kwa kazi yake kuliko kwa sura yake. Jioni tuta la viazi vitamu huonekana jema. Baada ya siku chache majani yamenyauka, na mwenye shamba akivuta shina hutoka bila kiazi. Kando yake pana chungu ya udongo mpya, na mlango wa shimo umekwisha zibwa.

Hasara hiyo si ndogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Katika Kisii ilikuwa zaidi ya watu 900 kwa kila kilometa moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa baba kwa wana, hata mengi hayafiki ekari mbili. Katika kipande hicho kimoja mna migomba, mahindi, chai, viazi vitamu na majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Matuta mawili yakiliwa, ni chakula cha watoto kilicholiwa.

Ndiyo sababu mtu mwenye hasira husema, "Shamba ni langu, nitafanya nipendavyo." Maneno hayo ni kweli nusu. Hati ya ardhi humpa mtu shamba, lakini haimpi ruhusa ya kutumia kila njia juu ya kila mnyama aliyemo. Yafaa basi kila mkulima ajue njia iliyo halali na njia itakayomfikisha mahakamani.

TABIA ZA FUKO

Fuko wa mashamba ya milimani ni wa jamii ya panya, wala si ndugu wa wale fuko wadogo walao wadudu. Macho na masikio yake ni madogo sana, na meno yake ya mbele ni marefu, yenye rangi ya machungwa. Hayo ndiyo jembe lake. Hula mizizi na viazi, na huvuta chakula mpaka chumbani mwake chini ya ardhi akiweke akiba.

Huishi peke yake, isipokuwa mama mwenye watoto. Tena fuko mmoja huweza kutoa chungu nyingi za udongo. Kwa hiyo shamba lenye chungu ishirini huenda likawa na fuko wawili au watatu tu. Jambo hili lafaa kukumbukwa wakati wa kupatana na fundi wa kutega, kwa kuwa mara nyingi fundi hulipwa kwa kila fuko aliyenaswa. Mwenye shamba mwenye busara hupatana bei kabla ya kazi, na hulipa baada ya kumwona fuko kwa macho yake.

MTEGO NDIYO NJIA NJEMA

Fuko hapendi handaki lililo wazi. Hewa na mwanga vikiingia, huja upesi kuliziba kwa udongo, na tabia hiyo ndiyo imponzayo. Fundi hufukua handaki, huweka kitanzi ndani yake, na kukifunga kwenye fimbo iliyopindwa. Fuko ajapo kuziba, hugusa kamba. Fimbo hufyatuka, naye hunaswa.

Kumtega fuko katika shamba lako si jambo la kufanywa kwa siri. Mabwana shamba wenyewe huwafundisha wakulima kazi hiyo. Lakini mtego hauna budi kutazamwa mara kwa mara, maana Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yakataza kumtesa mnyama bila sababu. Tena mtego wa fuko usigeuzwe kuwa mtego wa paa. Kuwinda wanyama wa porini kwa ajili ya kitoweo ni kosa katika Kenya, hata kama mnyama amepita katika shamba la mwindaji.

Mpaka wa jirani nao uheshimiwe. Handaki la fuko halijui mpaka, lakini mtu anaujua. Kuingia katika shamba la mwingine lililolimwa, bila idhini yake wala sababu ya haki, ni kosa kwa Sheria ya Kuingilia Ardhi, Sura ya 294. Anayefuata handaki abishe hodi kwanza. Majirani wakipatana kutega kwa pamoja ni vyema zaidi, kwa sababu handaki lililoachwa tupu huweza kuingiwa na fuko mwingine kutoka upande wa pili.

HATARI YA SUMU

Wako watu wanaochoka na mitego wakatia dawa ya wadudu ndani ya kiazi na kukifukia. Jambo hili ni baya, tena ni kinyume cha sheria. Sheria ya Dawa za Kuulia Wadudu na Viumbe Waharibifu, Sura ya 346, inataka dawa iwe imeandikishwa na Serikali, nayo itumiwe kwa kazi ile tu iliyoandikwa juu ya chombo chake. Dawa ya wadudu wa mahindi haikuandikishwa ili itiwe katika viazi.

Sheria hiyo haikuwekwa bure. Dawa iitwayo kabofurani ilitengenezwa kuua wadudu wa mimea, lakini katika Kenya watu waliitumia kuulia simba na ndege. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyoitengeneza ilianza kuinunua tena kutoka madukani ili iondolewe.

Mkulima na afikiri juu ya nyumba yake mwenyewe. Kuku hupekua, mbwa hufukua, na mvua huchukua udongo mpaka kijitoni ambako akina mama huteka maji. Mtoto mwenye njaa hawezi kujua kiazi cha fuko na kiazi cha mtu. Hakuna tuta la viazi lenye thamani ya mtoto mmoja.

WANYAMA WENGINE

Nungunungu na tumbili nao huharibu mazao, lakini habari yao ni mbali na ile ya fuko. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sasa wanyama wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Mwenye shamba anaweza kuwafukuza kwa kelele, kuweka mlinzi na kujenga ua. Wakizidi, apeleke habari kwa chifu au kwa ofisi ya shirika la wanyamapori, KWS, ambalo maofisa wake ndio wenye mamlaka juu ya wanyama hao.

Wengi huuliza kama Serikali italipa mazao yaliyoliwa. Sheria ya mwaka 2013 ilikuja na orodha ya wanyama ambao hasara yao hulipiwa fidia, kama ndovu, simba, nyati, kiboko na mamba. Fuko, nungunungu na tumbili hawamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mkulima wa Kisii au Nyamira asingoje malipo, bali atie bidii katika kinga.

KINGA SHAMBANI

Kinga ya kwanza ni kuvuna viazi mara vikomaapo, visikae ardhini kuwa ghala ya fuko. Ya pili ni kuwaacha hai adui zake. Bundi, ambaye wengi humpiga mawe kwa kumdhania ndege wa mkosi, huwala fuko usiku watu walalapo. Paka na nguchiro nao husaidia. Wakulima wengine huzungusha bustani kwa mti wa utupa ili kumfukuza fuko. Anayeupanda asiupande karibu na maji, maana utupa huua samaki.

Fuko mmoja huweza kunaswa kwa kitanzi, fimbo na subira. Mkulima atumiaye vitu hivyo, katika mpaka wake na kwa kupatana na jirani zake, hulinda chakula chake wala hana la kuogopa.