Siku ya Utu Uzima katika Japani

Mzazi hujuaje ya kuwa mwanawe amekwisha kuwa mtu mzima? Je, ni kwa hesabu ya miaka, au kwa mavazi, au kwa mwenendo wake? Watu wa Japani wametenga siku moja katika mwaka kwa ajili ya jambo hilo, na habari zake zafaa kujulikana.

Hapo zamani, katika nyumba za wakubwa na za askari, mvulana alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi hata 16 alifanyiwa sherehe iitwayo genpuku. Nywele zake zilitengenezwa kama za wanaume, akavikwa kofia na mavazi ya watu wazima, akapewa na jina jipya, akaliacha lile la utotoni. Wasichana nao walikuwa na sherehe yao ya kuvikwa nguo za kike. Baadaye, mwaka 1876, serikali iliweka miaka 20 kuwa mwanzo wa utu uzima.

Lakini sherehe ya siku hizi ilizaliwa katika shida. Mwaka 1945 Japani ilishindwa vitani. Miji mingi ilikuwa imeteketea, chakula kilikuwa haba, na vijana wengi walikuwa wamekata tamaa. Ndipo tarehe 22 Novemba 1946, huko Warabi, mahali padogo karibu na Tokyo, palipofanywa sikukuu ya vijana, na waliotimiza miaka 20 wakakusanywa ili watiwe moyo. Habari hiyo ikaenea, hata mwaka 1948 sheria ikaifanya tarehe 15 Januari kuwa Siku ya Utu Uzima. Tangu mwaka 2000 siku hiyo ni Jumatatu ya pili ya Januari.

Vijana hualikwa na wakuu wa mji wao, nao hukusanyika ukumbini kusikiliza maneno ya wazee. Wasichana wengi huvaa furisode, vazi zuri lenye mikono mirefu ining'iniayo, livaliwalo na mwanamke asiyeolewa. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo wengi hulikodi; na wengine huvaa lile lile ambalo mama zao walilivaa katika siku yao.

Walakini vazi halimkomazi mtu. Mwaka 2001, katika mji wa Takamatsu, vijana wachache walimfyatulia mkuu wa mji fataki alipokuwa akihutubu, na jambo hilo likawahuzunisha wengi.

Tangu tarehe 1 Aprili 2022 sheria imeushusha umri wa utu uzima hata miaka 18, ijapokuwa pombe na tumbako zimekatazwa bado mpaka miaka 20. Hata hivyo miji mingi imeendelea kuwaita vijana wa miaka 20, kwa kuwa wale wa miaka 18, mwezi wa Januari, wamo katika mitihani ya kuingia vyuo vikuu.

Basi, sheria yaweza kubadili umri kwa siku moja, bali kumpokea kijana ni kazi ya watu. Wale wa Warabi hawakuwa na mali ya kuwagawia vijana wao. Waliwaita tu, wakawaonyesha ya kuwa wanahitajiwa. Na kwa mtu wa miaka 20 aliyeona mji wake ukiwa majivu, neno hilo halikuwa dogo.