Je, Wajua? Hesabu Zilizojificha Ndani ya Basi

Sogea hapa benchini, msomaji wa Mnero, maana gari la Nachingwea bado halijajaa. Je, wajua kuwa hata huku kusubiri kwako kuna wasomi wamekupigia hesabu?

Tuseme mabasi ya mjini yanakuja ovyo, bila ratiba, ila kwa wastani linapita moja kila dakika 10. Ukitokea kituoni hujui la mwisho limepita saa ngapi, utasubiri dakika ngapi kwa wastani? Usiseme 5. Ni 10 nzima! Mapengo marefu yanakula sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuangukia pengo refu kuliko fupi. Si mkosi wako hata kidogo.

Na je, wajua kwa nini daladala mbili za njia moja hufika zimeongozana, halafu kimya kirefu? Watafiti Newell na Potts walilieleza jambo hili mwaka 1964. Gari likichelewa kidogo linakuta abiria wamerundikana, na kule kupakia kunalichelewesha zaidi. La nyuma linakuta vituo vitupu, linapita mbio mpaka linamshika mwenzake mkia. Madereva wote wawili hawana kosa, na bado wewe wa kituo cha mwisho unaungua jua!

Sasa niambie: basi la mjini lilibuniwa na nani? Mwanahisabati! Ni Blaise Pascal wa Ufaransa, yuleyule unayekutana naye sekondari kwenye mada ya mgandamizo. Magari yake ya farasi yalianza kubeba abiria Paris mwezi Machi 1662, kwa njia maalumu na nauli maalumu, na yaliondoka kwa saa yake hata yakiwa hayajajaa. Hayajajaa! Zaidi ya miaka 360 iliyopita.

Shika hili la Meksiko. Katika mji wa Cuernavaca, madereva waliwalipa watu wa kusimama njiani na kuandika gari la mbele limepita saa ngapi. Dereva akisikia mwenzake yuko karibu, anapunguza mwendo. Akisikia kaenda mbali, anakanyaga mafuta. Wanafizikia Krbálek na Šeba walipima mapengo kati ya mabasi hayo, na mwaka 2000 wakachapisha walichokiona: yanafuata hesabu zilezile zinazotumika katika fizikia ya kwanta! Hapakuwa na ofisi iliyopanga. Ni watu wenye karatasi na kalamu, wamesimama vumbini.

Umeshtuka? Bado. Huko Japani watafiti walichukua kiumbe cha njano, laini kama ute, kisicho na ubongo wala macho. Walimwekea vipande 36 vya chakula, vilivyopangwa jinsi miji inavyokaa kuzunguka Tokyo. Baada ya saa 26 kiumbe yule alikuwa amejitandaza na kuunganisha vipande vyote kwa mtandao unaofanana sana na reli za Tokyo. Matokeo yalichapishwa Januari 2010. Wahandisi wenye shahada zao walihitaji miaka mingi, yeye alihitaji siku moja na saa mbili!

Je, wajua kuongeza barabara kunaweza kuongeza foleni? Mjerumani Dietrich Braess alilithibitisha kwa hesabu mwaka 1968. Soma tena hiyo sentensi, hujakosea.

Turudi nyumbani Afrika Mashariki. Je, wajua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu na simu mkononi, wakiandika kila kituo, mpaka wakapata ramani ya njia zaidi ya 130? Walishirikiana na wenzao wa Marekani, na ramani ikatoka Januari 2014. Kabla ya hapo njia hizo zilikaa vichwani mwa makondakta. Mwaka 2015 zikaingia kwenye ramani za Google.

Hukohuko Kenya, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, zikimhimiza abiria apaze sauti dereva akikimbiza gari vibaya. Stika tu! Madai ya bima ya ajali yakashuka kati ya nusu na theluthi mbili. Kwa hiyo siku ukiwa ndani ya basi na roho imeanza kukudunda kwenye kona, sema. Sauti yako imeshapimwa, inafanya kazi.

Na Dar es Salaam? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, zaidi ya mara nne ya mkoa wetu mzima wa Lindi. Je, wajua mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Mei 2016, uliipa Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, mji wa kwanza wa Afrika kuipata? Siri moja iko miguuni pako. Sakafu ya kituo imelingana na ya basi, na nauli umeshalipa kabla ya kuingia. Hakuna ngazi ya kupanda, hakuna kungojea chenji mlangoni, na sekunde hizo ndizo zinazookoa safari.

Upande wa daladala, mtafiti Matteo Rizzo alizungumza na madereva na makondakta wa Dar kwa miaka mingi, akatoa kitabu mwaka 2017. Je, wajua wengi wao gari si lao? Kila siku wanampelekea tajiri hesabu yake, kinachobaki ndicho chakula chao. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye nauli ndogo anaachwa kituoni. Inauma, lakini sasa unajua shinikizo linatoka wapi.

Na hii usiende nayo mbali: je, wajua Nachingwea iliwahi kuwa na reli? Ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao mkubwa wa karanga, ikaunganishwa mpaka bandari ya Mtwara. Mradi wa karanga ulikwama mapema tu, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Waulize wazee.

Moja tu kabla konda hajaita. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za London waligoma, abiria wakalazimika kutafuta njia nyingine. Mgomo ulipoisha, takriban mmoja kati ya kila 20 hakurudi kwenye njia yake ya zamani! Miaka yote walikuwa na njia nzuri zaidi na hawajui. Wewe je, kwenda Ruangwa unapita wapi?